Gesi ya kiyoyozi haiishi: kwa mnaofunga AC nyumbani Kigoma mkiwa ughaibuni

Kama una nyumba Kigoma, wazee wanalalamika joto la mwezi wa tisa na wa kumi, na wewe uko Houston, Leeds au Muscat unakusanya hela ya kiyoyozi, soma hili kabla hujatuma chochote. Gesi ya kiyoyozi haiishi. Siyo petroli, haichomwi. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, inachukua joto la chumbani na kulimwaga nje, kisha inarudi ilikotoka. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi anayesema "gesi imeisha, tujaze" bila kukuonyesha inapovujia atarudi kujaza tena, na utamlipa tena.

Nyumba ya wazazi wangu iko Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini. Mashine ilinunuliwa mpya, ya inveta, na risiti ya EFD ipo. Fundi alitoka kwa watu tunaowafahamu. Haikupita miezi mingi chumba cha mzee kikaacha kupoa, nikaletewa ujumbe wa sauti: gesi imeisha. Nikatuma hela. Msimu uliofuata, ujumbe uleule. Nikatuma tena. Ikaenda hivyo mpaka kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ndani ya mashine, ikafa, na duka likakataa waranti kwa sababu kadi haikuwa na jina wala saini ya aliyefunga.

Kijana mwingine, aliyesomea majokofu na viyoyozi VETA, ndiye aliyetuonyesha ugonjwa. Alimpigia mdogo wangu simu ya video nami nikiwemo, akasogeza kamera nyuma ya mashine ya nje. Kwenye nati ya bomba la shaba palikuwa na duara jeusi la vumbi lililoshikana na mafuta. Gesi inapotoroka hubeba mafuta kidogo ya kompresa, vumbi likapata pa kunasa. Akapaka povu la sabuni, likavimba palepale. Alipofungua, mdomo wa bomba ulikuwa umepanuliwa vibaya hadi ukapasuka pembeni. Kazi ya kukata na kupanua upya haikufika hata saa moja. Tundu hilo lilikuwepo tangu siku ya kwanza, na gesi yote niliyolipia ilipitia hapo.

Kuna baya zaidi. Mdogo wangu alikuwa na picha ya mtungi aliotumia fundi wa kwanza: R22. Kibati cha mashine yetu kimeandikwa R32. Gesi hizi hazichanganywi, kila moja ina presha yake na mafuta yake. R22 ni gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, nchi zetu zinaiondoa sokoni hatua kwa hatua hadi 2030. Ukiuziwa mashine ya R22 leo, hata kwa bei ya kutupa, usichukue. Tafuta R32 au R410A, na mwambie ndugu aliyeko eneo la kazi apige picha ya kibati cha mashine na ya mtungi wa fundi, zikae pamoja. Zisipolingana, kazi isimame.

Siku ya kufunga, pampu ya vakyumu lazima iwepo. Mabomba mapya yana hewa na unyevu ndani, na pampu huvinyonya kabla gesi haijafunguliwa. Mafundi Maiko, wale wa kubahatisha, wengi hawana pampu. Wanafungua gesi kidogo ili isukume hewa nje, wanafunga, wanaondoka. Chumba kitapoa siku hiyo, ndiyo maana wazee wanaridhika. Unyevu uliobaki unaanza kula kompresa taratibu. Omba video ya pampu ikiwa imeunganishwa, mshale wa geji ushuke chini ya sifuri, pampu izimwe, na mshale ubaki pale pale kwa dakika kadhaa. Ukipanda, kuna tundu, gesi isifunguliwe. Nalirudia kwa sababu ndilo linalorukwa kila mara: hakuna vakyumu, hakuna malipo.

Kuchagua mashine si kazi ngumu. Nguvu ya kupoza hupimwa kwa BTU: chumba cha mita tatu kwa nne chenye dari nzuri kinatoshwa na BTU 9,000; sebule ya wastani 12,000 au 18,000. Chukua inveta, inapunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka kwa kishindo. Weka stebilaiza na breka yake peke yake. Usipakie kwenye kontena viyoyozi vya dirishani vya Marekani, vingi ni vya volti 115 na hezi 60, na umeme wetu ni volti 230, hezi 50.

Angalia pia LUKU. Kama wazee wako kwenye tarifa ya matumizi madogo, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kinavuta karibu kilowati moja. Kikifanya kazi mfululizo usiku mzima, uniti hizo hazifiki siku kumi, na baada ya hapo bei ya uniti inapanda sana. Pangaboi linakula wati 60 au 70. Kwa hiyo anza na dari, pazia upande wa jua la jioni na madirisha yanayopitisha upepo wa ziwa. Nyumba ya bati isiyo na dari ukiifungia kiyoyozi unapoza bati.

Mama wadogo, kaka zangu, mashemeji, nawapenda na najua mnahangaika kwa ajili yetu. Lakini "ni kijana wetu, hana neno" haitoshi. Kijana anaweza kuwa wa kwanza kufika msibani na bado hajui kupanua bomba. Muulizeni amesomea wapi, na anayegusa nyaya awe na leseni ya EWURA.

Huku Texas gari la kampuni ya viyoyozi linaandikwa namba ya leseni ubavuni, na yeyote anaweza kuikagua. Sheria ya Marekani inamtaka anayeshika gesi awe na cheti, na kuiachia hewani makusudi ni kosa. Watu hawa wana fujo yao: wanapoza nyumba nzima hata vyumba visivyo na mtu, na ofisini mwezi wa saba tunavaa sweta. Lakini nimependa kwamba kumwomba fundi karatasi zake hakumvunjii heshima. Kwetu ukiuliza anaona umemdharau, na ndugu wanakuonea aibu. Aibu hiyo ndiyo inayotugharimu kompresa.

Malipo: vifaa lipa dukani moja kwa moja, usimpe fundi hela ya kununua. Ufundi lipa nusu kazi ikiisha na video zimefika, nusu baada ya mwezi, mdogo wako akishapaka povu la sabuni kwenye nati zote nne na kukuonyesha kwamba hakuna linalovimba. Fundi atakayekataa masharti hayo, mwache aende.