Namna ya Kukadiria Kiasi cha Risasi cha Kuweka Nyumbani

Mmiliki halali wa bunduki anapoulizwa ana risasi ngapi nyumbani, mara nyingi hujibu kwa makisio: boksi tatu, labda nne. Kabla ya kupanga kiasi chochote, ni vizuri kuanza kwa kutoa zote mezani, silaha yenyewe ikiwa mbali na imefungwa, na kuzihesabu moja baada ya nyingine kwa aina na ukubwa. Idadi itakayopatikana huwashangaza wengi, kwa kuwa risasi hujikusanya kidogokidogo: mabaki ya siku ya mazoezi, boksi lililonunuliwa kwa hofu ya kuadimika, konzi moja iliyosahaulika mfukoni mwa koti la kuwindia. Mwongozo huu unashika kanuni moja, nayo ni kwamba kiasi kinachofaa ni kile unachokitumia kati ya ununuzi mmoja na mwingine, pamoja na akiba ndogo, almuradi kila risasi uweze kuitolea hesabu.

Ukomo wa kwanza hauwekwi na mmiliki bali na sheria, na sheria hizo hutofautiana sana. Nchini Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2000 ya kudhibiti silaha huweka ukomo wa risasi 200 kwa kila silaha yenye leseni, ingawa wawindaji na walenga shabaha waliotambuliwa rasmi hupewa nafasi kubwa zaidi. Uingereza, hati ya kumiliki bunduki isiyo ya marisau (yaani isiyo ile inayorusha punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja) hutaja idadi mbili: ile unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja, na ile unayoruhusiwa kununua. Marekani, sheria ya shirikisho haitaji ukomo wa idadi, lakini kanuni za moto za mahali fulani zinaweza kuutaja. Kwa hiyo soma kibali chako neno kwa neno, na usitegemee maneno ya muuzaji. Angalia hasa kama idadi inahesabiwa kwa kila silaha au kwa mmiliki kwa jumla, na kama risasi zilizobaki za silaha uliyokwisha kuiuza bado unaruhusiwa kuwa nazo, kwani mara nyingi huruhusiwi. Angalia pia kama mkataba wa bima ya nyumba au wa upangaji unasema lolote. Idadi ya kisheria ni ukomo wa juu tu. Si lazima uijaze.

Baada ya sheria huja matumizi, na hapa ndipo hesabu inapohitaji uaminifu. Kumbukumbu haifai kuwa kipimo, kwa sababu mtu hukumbuka siku aliyopiga risasi 200 na kusahau miezi mitatu aliyokaa bila kugusa bastola. Tumia stakabadhi za ununuzi za mwaka uliopita, au hesabu maboksi matupu. Chukua jumla ya mwaka, igawanye kwa 12, kisha uizidishe kwa idadi ya miezi inayopita kati ya safari mbili za kununua. Tuseme mtu huenda kwenye uwanja wa shabaha mara moja kwa mwezi na kutumia boksi moja la risasi 50 za milimita 9. Kwa mwaka hiyo ni 600. Ikiwa hununua kila baada ya miezi mitatu, anahitaji 150. Akiongeza boksi moja ili kufidia mwezi ambao duka halina bidhaa, anafika 200. Mtu huyo huyo akiweka 2,000 atakuwa amejaza akiba ya zaidi ya miaka mitatu, ambayo sehemu kubwa itakaa tu bila kuguswa.

Kuna hoja ya kununua kwa wingi ili kupunguza gharama, nayo si hoja ya kudharau. Hata hivyo, punguzo la bei huwa na maana kwa risasi utakazozipiga kweli. Wanachama wa klabu za shabaha wana njia bora zaidi: kununua kwa pamoja na kugawana siku hiyohiyo, pale sheria inaporuhusu, kila mmoja akirudi nyumbani na fungu lake. Tena klabu nyingi huuza risasi uwanjani ili zitumike palepale, na anayezitegemea hizo hahitaji kuweka za mazoezi nyumbani hata kidogo.

Kwa mwindaji hesabu hubadilika. Yeye hupiga risasi chache, lakini hutaka zifanane. Risasi za chapa moja na uzito mmoja, zikitoka katika matoleo mawili tofauti ya kiwanda, zinaweza kupiga mahali tofauti kwa umbali uleule, na ndiyo maana namba ya toleo huchapishwa kwenye boksi. Mwindaji anayetumia risasi 15 au 20 kurekebisha shabaha mwanzoni mwa msimu, na nyingine 10 porini, atafanya busara kununua maboksi manne au matano ya risasi 20 yenye namba moja ya toleo, akawa na kiasi cha misimu miwili au mitatu bila kulazimika kurekebisha darubini upya kila mara. Hapa mimi huona kwamba kuzidisha kidogo kuna sababu. Anayepiga sahani za udongo zinazorushwa hewani kwa bunduki ya marisau yuko upande mwingine kabisa: raundi moja ni sahani 25, na siku ya raundi nne humaliza 100, hivyo katoni ya 250 inayoonekana kubwa kwa mgeni haifiki hata mashindano matatu.

Anayemiliki silaha kwa ajili ya kulinda nyumba ndiye anayehitaji risasi chache kuliko wote, ingawa ndiye anayeshawishika kurundika. Anahitaji za kujaza magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye bastola) moja au mbili, pamoja na boksi mbili hivi za aina hiyohiyo kwa ajili ya kuthibitisha kwamba bastola yake inazila bila kukwama. Baada ya hapo mazoezi yafanyike kwa risasi za kawaida. Azingatie jambo moja ambalo halijulikani kwa wengi: risasi ileile ikiingizwa chembani, yaani nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, na kutolewa mara nyingi, kichwa chake huweza kusukumwa ndani ya ganda, na nafasi ya baruti ikipungua mgandamizo huongezeka hadi kiwango cha hatari. Ile ya juu ibadilishwe mara kwa mara, nayo ilinganishwe kwa urefu na mpya iliyo kando yake, iliyofupika isipigwe.

Kila ukubwa wa risasi unaoongeza nyumbani huongeza pia uwezekano wa kuchanganya. Mfano unaofahamika sana kwa watumiaji wa marisau ni wa risasi ya geji 20 inayodumbukizwa kimakosa katika mtutu wa geji 12; katika kipimo hiki cha mitutu, namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba. Risasi hiyo, kwa kuwa ni nyembamba, huteleza na kukwama mbele ya chemba, mahali isipoonekana. Mpigaji akidhani bunduki haina kitu, huweka ya 12 nyuma yake, akapiga, na mtutu ukapasuka karibu na mkono wake. Ndiyo sababu maganda ya 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Kwa hiyo, unapokadiria idadi, kadiria pia aina. Risasi za silaha ambayo huna tena hazina kazi nyumbani kwako. Kila ukubwa ukae katika chombo chake chenye lebo, na zilizobaki zirudishwe ndani ya boksi zilimotoka, si kumwagwa kwenye kopo moja la mabaki.

Kisha tazama mahali. Risasi 1,000 za milimita 9 zina uzito wa kilo 12 hivi. Katoni ya 250 za marisau hukaribia kilo 10 au huzidi kidogo. Zile ndogo za inchi .22 ni nyepesi, 500 zikiwa na uzito usiofika kilo mbili. Uzito huo ukiwekwa kwenye rafu ya juu ya kabati la mbao utaileta chini siku moja. Chombo kiwe na kufuli, kiwe tofauti na sefu ya bunduki, na kikae chini, mahali pakavu na penye hali ya joto isiyopanda na kushuka. Dari iliyo chini ya bati haifai, wala gari lililoachwa juani. Kama chombo chako chenye kufuli kinatosha risasi 300, basi kwako ukomo ni 300 hata kama kibali kinasema zaidi, mpaka utakapopata chombo kingine. Sikubaliani na wanaoweka ziada chini ya kitanda kwa sababu sefu imejaa.

Risasi za kisasa hudumu kwa miongo kadhaa zikitunzwa vizuri, lakini hazidumu milele. Baruti isiyotoa moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliifanikisha mwaka 1884, hutokana na selulosi iliyotiwa tindikali ya naitriki, na huchakaa polepole. Ndani yake hutiwa kemikali ya kuituliza, nayo joto huimaliza haraka. Unyevu nao hula ganda na fataki, yaani kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa ganda. Adui mwingine ni amonia. Katika karne ya 19, jeshi la Waingereza nchini India lilikuta maganda ya shaba ya manjano yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yamepasuka yenyewe wakati wa masika, na baadaye ikaeleweka kwamba mvuke wa amonia wa mikojo ya wanyama ndio uliokuwa ukiyapasua. Funzo hilo linahusu hata banda la leo ambamo mbolea, dawa za kusafishia na risasi hukaa pamoja. Vilevile usizifute kwa mafuta ya kulainisha yanayopenya, kwa kuwa yanaweza kuingia kwenye fataki na kuiua.

Kutokana na hayo, andika mwezi na mwaka wa ununuzi juu ya kila boksi, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Kama hesabu yako inaonyesha kwamba boksi unalonunua leo litafikiwa baada ya miaka minane, hujakosea sheria wala kemia, ila umekosea ununuzi.

Kuhusu moto, hofu ya wengi imepotoka kidogo. Risasi iliyo nje ya mtutu ikiungua, ganda hupasuka na vipande vyake vyepesi pamoja na fataki huruka kwa umbali mfupi, huku kichwa kizito kikisogea kidogo tu. Inaweza kuumiza jicho au ngozi, lakini haipigi kama iliyotoka kwenye bunduki. Hatari kubwa ni silaha iliyoachwa na risasi chembani, kwani moto ukiifikia hufyatua kama kawaida. Jambo la pili ni chombo: kisiwe cha chuma kizito kilichozibwa kabisa kiasi kwamba gesi haiwezi kutoka. Anayejitengenezea risasi kwa kujaza upya maganda yaliyotumika ahesabu baruti na fataki kando, aviache katika vyombo vya kiwandani, na asome kanuni zake mahsusi, kwa sababu kilo moja ya baruti haichukuliwi kisheria sawa na risasi zilizokamilika. Waambie wazima moto, siku wakija, kuna nini na kipo chumba gani.

Lipo pia swali la watu wa nyumbani, ambalo linaweza kufuta hesabu yote iliyotangulia. Watoto hufahamu mahali funguo zilipofichwa kabla wazazi hawajadhani. Kwa hiyo mfuniko wenye funguo inayoning'inia msumarini si kufuli. Na kama yupo mtu mzima nyumbani aliyekata tamaa ya maisha, anayekunywa kupita kiasi, au aliyetoa vitisho katika ugomvi, kiasi kinachofaa ni sifuri. Silaha na risasi zipelekwe zikahifadhiwe polisi, kwa muuzaji mwenye leseni au klabuni, kwa utaratibu wa sheria, mpaka hali itulie. Hilo lifanywe mapema na bila kuona haya, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Ukishapata idadi, iandike. Daftari la safu tano linatosha: tarehe, ukubwa na toleo, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Andika siku ileile unaporudi kutoka uwanjani, kabla hujaketi. Kila baada ya miezi mitatu fungua chombo na uhesabu tena. Katika ukaguzi huo tenga zenye kutu ya kijani, ganda lililopasuka, kichwa kinachocheza au harufu kali ya tindikali. Hizo hazipigwi, hazitupwi kwenye takataka, hazizikwi wala kuchomwa moto. Hukabidhiwa polisi au muuzaji aliyeruhusiwa kuzipokea, na kukabidhi huko nako huandikwa daftarini. Ziada iliyo nzima iende njia hiyohiyo, au ipigwe mazoezini mpaka idadi irudi pale ulipopanga. Ikiwa hesabu ya chombo na ya daftari hazilingani, hata kwa risasi moja, usinunue nyingine kwanza: tafuta mifukoni, kwenye mikoba na ndani ya magazini zote, na ikikosekana kabisa, toa taarifa kama kibali chako kinavyoelekeza.