SOMO: Ubao wa sataranji kwenye kodi ya programu, array au bitibodi?

Wakuu, wiki hii nimeulizwa hili inboksi mara nne. Naandika mara moja tu, ukiuliza tena nakutumia linki.

1. Anza na array (orodha ya namba) ya 64, nafasi moja kwa kila nyumba ya ubao. a1 ni 0, h8 ni 63.

2. Kila kete ipe namba yake.

3. Farasi. Hapa ndo nilipoumbuka. Anasogea kwa kujumlisha au kutoa 6, 10, 15, 17, sasa farasi wa g1 yuko 6, jumlisha 10 unapata 16, yaani a3! Katokea ukingo wa pili wa ubao na kompyuta imekaa kimya maana 16 ni nyumba halali kabisa. Siku mbili nalaumu kompaila. Dawa ni array ya 120, yaani 10 kwa 12, ya pembezoni yote unaijaza alama ya "nje". Juu na chini weka mistari miwili miwili kwa sababu farasi anaruka miwili, kulia na kushoto mmoja mmoja unatosha. ONYO: usiende hatua ya 4 kabla ya kuhesabu miondoko yote ambayo programu yako inaitoa. Mweupe anaanza na miondoko 20, mimi nilikuwa napata 21 nikasema si mbaya. Ni mbaya! Kina cha 2 (mweupe acheze, kisha mweusi) ni 400, cha 3 ni 8902, cha 4 ni 197281, ikipishana hata moja rudi.

4. Bitibodi: namba 12 za biti 64, aina 6 za kete mara rangi 2, kila biti ni nyumba moja, 1 maana yake kete ipo. Farasi wote wanasogea upande mmoja kwa shifti moja (kusogeza biti zote kwa pamoja), ila futa kwanza kolamu ambazo wangevuka ukingo, mfano ya kujumlisha 10 futa g na h, la sivyo ni ugonjwa uleule.

Swali: ipi ina spidi mkuu?

Hatua ya 4. Soma.

Swali: haifanyi kazi

Nini haifanyi kazi? Weka kodi.

Swali: 1 << 40 kwenye C inaleta uchafu

Hiyo 1 ni int, kawaida biti 32. Andika 1ULL, hiyo ina biti 64.

Swali: Samahani kaka, natumia Python, bitibodi imekuwa nzito kuliko array. Nimekosea wapi?

Hujakosea mdogo wangu, umepima, wengi humu hawapimi. Kwenye C, AND (ile ya kufuta biti) ni amri moja ya prosesa, Python inapitia kazi kibao kabla ya kuifikia, faida inayeyukia njiani. Halafu namba zake hazina mwisho, ukishifti kushoto biti zinazopita 63 hazidondoki, zikate mwenyewe.

Swali: Kina cha 4 kimekubali, nimemaliza?

Bado. En passant (kitunda kumla mwenzake aliyempita kwa kuruka nyumba mbili) inaanza kuonekana kina cha 5 (4865609), na mfalme kujificha kwa ngome (castling) mpaka cha 7. Usisubiri huko, anzia katikati ya mchezo, castling ikiwa bado inawezekana.