Somo: Teleka akianguka kibarazani

Kila mvua zikianza naletewa picha ileile: kindege cheusi chenye kiuno cheupe, kimelala sakafuni, na swali "nimfanyeje?" Naandika mara moja, mkiulizwa waelekezeni hapa.

1. Fukuza paka.

2. Hakikisha ni teleka. Mbayuwayu hutua kwenye nyaya za umeme, teleka hatui. Miguu yake mifupi ni ya kung'ang'ania ukutani tu.

3. Mtie kwenye boksi la viatu lenye matundu, juu ya kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Funika, muache atulie.

4. Kama ni kinda, mabawa hayajapita mkia, mrudishe kiotani.

5. Kumwachia. Hapa ndipo wengi wanapowaumiza. USIMRUSHE JUU! Mwenye jeraha ataangukia kifua, na huo ndio mwisho wake. Nenda uwanjani penye nyasi, mbali na miti na nyaya, mchana, mvua haipo. Mlaze kwenye kiganja kilichonyooka, kiinue juu ya kichwa, uelekee upepo. Atatetemeka, anapasha misuli moto. Subiri. Asipoondoka, mrudishe boksini ujaribu baadaye. Bawa likining'inia, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Chakula chake ni wadudu wanaoruka, basi.

MASWALI

– Mkuu, ugali kidogo je?
– Hapana. Soma mstari wa mwisho.

– Naweza kumfuga tunduni?
– Hapana.

– Shikamoo. Mbona hapa Arusha wanapenda maghorofa kuliko miti?
– Marahaba, umeuliza vizuri sana. Asili yao ni majabali na mapango, na ukuta mrefu kwao ni jabali: una kivuli chini ya paa na nafasi ya kujiachia ndipo wapae. Manyoya na majani ya kiota huyadaka angani, huyagandisha kwa mate. Jamaa yao wa mitende hubandika hata mayai kwenye jani. Na visiwani Cuba na Jamaica yupo mwingine, mdogo, wa sentimita 10 hivi, anayejenga kwenye makuti makavu yanayoning'inia mtini. Watu walipoezeka kwa makuti, naye akahamia paani.

– Wananichafulia ukuta wa duka Moshi mjini. Nivunje viota?
– Usivunje dada, hulala humo hata wasipokuwa na mayai. Pigilia ubao chini ya viota, nusu mita hivi, uwe unaufagia.

– Banzi linafaa?
– Linafaa sana. Ila usilipake oili chafu dhidi ya mchwa. Ikigusa manyoya, ndege haruki tena.