Namna ya kusafiri na mzee aliyeanza kusahau

Baba yangu alikuwa gadi wa treni, yule anayeiruhusu kuondoka kwa filimbi na bendera ya kijani. Ana miaka 83, na tangu mwaka juzi anasahau. Yalianza majina ya wajukuu, ikafuata kama amekula au bado, sasa anasahau hata kwamba Mama alifariki. Desemba iliyopita tulimtoa Kampala tukaenda naye Jinja, Tororo na Sipi kwa siku nne: yeye, mimi, kaka yangu, wifi, watoto watatu na dereva. Nawaandikia ninyi wenye mzee wa namna hii nyumbani, mnaoogopa kutoka naye. Tokeni naye. Ila safari ipangeni kwa kumfuata yeye.

La kwanza ni njia. Kaka alitaka mbuga ya Murchison tukaone viboko. Mimi nilikataa, na hadi leo naona nilifanya vizuri. Mzee anayesahau akipelekwa mahali asipopajua, kila kona inamuuliza swali asiloweza kulijibu. Mambo ya zamani ndiyo yanayodumu kichwani. Ya jana ndiyo yanayomponyoka. Baba hajui alikula nini mchana, lakini mtajieni Tororo, atawapangia stesheni zake kama anavuta tasbihi: Mbale, Kumi, Soroti, Lira, Gulu, Pakwach. Sisi ni watoto wa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Baba ni Mjapadhola, kabila la upande wa Tororo, Mama alikuwa Mtaita wa Voi, wakakutana kwa Kiswahili, na Kiswahili kikabaki lugha ya mezani kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa kwa nchi tatu, Mama alikataa kurudi Voi. Basi kwa safari hii tukachagua Tororo.

Mizigo haihitaji maneno mengi. Bebeni mto wake mwenyewe, blanketi lake, na kikombe anachokijua. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisizikwe chini ya mabegi. Suruali ya kubadili iwe karibu. Andikeni jina lake na namba mbili za simu kwenye kitambaa mkishonee ndani ya koti. Sisi tuliandika kwenye karatasi tukamtilia mfukoni. Tulipofika Mukono akaitoa akamlipia nayo mwuza maji, na akasubiri chenji.

Kuhusu haja, msimuulize mbele ya watu kama anataka kujisaidia. Semeni, "Tunashuka kidogo, sote," kila baada ya saa moja hivi, na mshuke kweli sote. Heshima yake inabaki, na suruali inabaki kavu.

Tena msimtahini. Mpwa wangu alimwuliza asubuhi ya kwanza, "Babu, mimi nani?" Baba akainamisha macho akatazama viatu vyake, na gari zima likanyamaza. Jitambulisheni wenyewe kabla hajatafuta: "Babu, mimi mtoto wa mwanao mkubwa, nimekuletea maji." Anapokea maji, anapokea na mjukuu.

Halafu mpeni kazi. Hili ningeliweka juu ya yote. Tulimpa filimbi yake ya zamani, ambayo Mama aliitunza kwenye kopo la vifungo, tukamwambia yeye ndiye gadi: gari haliondoki hadi ahesabu watu. Alihesabu kila tuliposimama, kwa kidole, akigusa bega la kila mmoja. Kuanzia hapo hakuuliza tena tunakwenda wapi. Gadi haulizi.

Pale Namawojjolo, wachuuzi walivyolizingira gari na mishikaki ya kuku, maini na gonja, zile ndizi za kuchoma, Baba aliona makoti yao yenye namba akadhani ni wapagazi wa stesheni. Akashusha kioo, akapiga filimbi. "Namba arobaini na saba! Acha kupiga kelele, mizigo ya akina mama iende behewa la pili!" Yule kijana akasimama wima, gonja mkononi, akajibu, "Ndiyo, afande!" Uganda hii, mzee akitoa amri kwa Kiswahili, miguu ya watu inajipanga yenyewe, kwani wengi lugha hii iliwafikia kwa mdomo wa askari. Tulicheka hadi msitu wa Mabira. Baba naye alicheka, ingawa nadhani alicheka kwa sababu sisi tulicheka, na hilo linatosha. Gonja tulizinunua zote.

Mkiwa Jinja, mto Naili uoneni asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Baba hakulijali daraja jipya la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018. Macho yake yalikuwa yanalitafuta la reli, la mwaka 1931. Tulivaa majaketi ya kuelea, tukapanda mtumbwi wa injini hadi pale maji ya ziwa yanapogeuka mto. Mwendesha mtumbwi akawaeleza watoto kwamba maji haya yanachukua kama miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania. Baba akashtuka. "Miezi mitatu? Dereva ni nani?"

Bado tunacheka, akageuka akaanza kutuhesabu. Akafika mwisho, akarudia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama yenu amepanda?"

Jiandaeni kwa swali hili, kwa maana litakuja, na litakuja mkiwa mnacheka. Mara ya kwanza lilipokuja, nyumbani, kaka alimjibu kama ilivyo: Mama alikufa, Baba, tulimzika. Baba akalia kilio cha siku ya kwanza, akagonga paji la uso ukutani, akatuuliza kwa nini hatukumwita mazishini. Baada ya chai akawa amesahau jibu, na swali likarudi. Hatuwezi kumfisha mke wake upya kila jioni. Pale mtumbwini nilimshika mkono nikasema, "Mama ametangulia, Baba."

Akanitazama kwa muda. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua filimbi, pale ambapo rangi ya nikeli imelika ikabaki shaba tupu. Akasema, "Basi tusichelewe."

Sikumdanganya. Neno hilo kwetu linabeba yote mawili, na kila mtu mtumbwini alibeba lile aliloweza. Watafutieni wazee wenu neno la namna hiyo, kwa lugha wanayoipenda, kabla hamjaondoka nyumbani, na mkubaliane wote kulitumia.

Jioni ndiyo saa ngumu. Giza likiingia, wengi wenye hali hii huchanganyikiwa zaidi, kwa hiyo msiwe barabarani. Fikeni hotelini saa kumi, aone chumba kukiwa na mwanga, aoneshwe choo, taa ya choo iachwe ikiwaka. Waambieni watu wa mapokezi na askari wa getini mapema kwamba mzee akitoka peke yake wawaite. Mlangoni fungeni kikengele. Chetu kililia saa nane usiku: Baba amevaa viatu, kofia kichwani, anakwenda zamu. Msiseme "rudi ulale". Hakuna mfanyakazi anayeambiwa hivyo akakubali. Nilimwuliza ni treni gani. Ya mizigo, akasema, kutoka Tororo. Nikamwambia wamepiga simu, imekwama Busembatia. Akavuta pumzi. "Busembatia kila siku!" Akavua viatu, akalala hadi asubuhi. Hapo nilimdanganya, wala sijutii.

Tororo tulifika siku ya pili mchana, tukamwacha apumzike, stesheni tukaenda kesho yake asubuhi. Mahali kama pale mwombeni ruhusa yeyote mnayemkuta kazini, na mwambieni mzee alikuwa nani. Tulikubaliwa kwa heshima kubwa. Treni za abiria hazifiki tena. Kulikuwa na majani kati ya mataruma, mbuzi wawili, na mwamba wa Tororo umesimama kule nyuma kama zamani. Watoto walitaka kukimbia, wifi aliwazuia. Baba alivua kofia. Akapita ukutani akipapasa rangi iliyobanduka, taratibu, hadi mahali fulani akasimama, akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu kamili. Kaka akasema, "Tuondoke, mzee?" Baba akajibu, "Bado."

Tukangoja. Msiharakishe mahali pa namna hii. Futeni jambo jingine lolote la siku hiyo, hili liacheni. Baadaye akanyoosha mkono kwa wifi bila kumtazama. Wifi akaelewa kabla yetu, akafungua kilemba chake cha kitenge cha kijani. Baba akakitazama tena kile kisaa, akapiga filimbi, moja ndefu, akainua kitenge juu ya kichwa akakipunga kuelekea Mbale. Watoto wakaanza kuvuma kama treni, hakuna aliyewafundisha. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikajifanya natafuta maji.

Sipi, kwenye Mlima Elgon, ilikuwa ya watoto. Maporomoko makubwa yana urefu wa kama mita 100, na njia za kushuka zinateleza. Mzee abaki juu. Kule ni baridi, mbebee sweta. Tulikaa naye kwa zamu, mtu mmoja kila baada ya saa mbili, na zamu hizo ziandikwe, maana vinginevyo atakaa mwanamke mmoja siku nzima. Mimi zamu yangu nilikunywa naye kahawa ya mlima huo huo, kimya, akitazama maji.

Jambo la mwisho ni daftari. Mpeni mtoto mmoja aandike kila usiku sentensi mbili tatu: tulikuwa wapi, saa ngapi, Babu alisema nini. Picha zinajaa kwenye simu na haziangaliwi, lakini daftari linasomeka kwa sauti. Wiki ya pili baada ya kurudi, Baba aliniuliza lini tutampeleka Tororo. Sikumwambia kwamba tumetoka huko. Nilileta daftari la binti yangu, nikaanza kumsomea. Alisikiliza yale ya kuku na ya mtumbwi kama habari za watu wengine, akitabasamu pale panapofaa. Nikafika: "Tororo. Tumeondoka stesheni saa 3."

"Hapana," akasema. Akaomba kalamu. Mkono wake ulitetemeka hadi ulipogusa karatasi, hapo ukatulia, akaongeza kwa ule mwandiko wake mdogo wa kulala: na dakika 10.