Salamu za baharini: nani aanze, nani apishe

Ukitoka Mokowe kwenda mji wa Lamu asubuhi, au ukivuka Mkokotoni kwenda Tumbatu, ndani ya nusu saa utapishana na boti za faiba, mashua zenye abiria, ngalawa za wavuvi na pengine jahazi la mizigo. Wote hao wanastahili salamu. Lakini salamu ya baharini huanza kwenye mashine, mdomo hufuata. Ukimpungia mvuvi mkono huku wimbi la boti yako linamwingilia chomboni, hilo si salamu, ni tusi lenye tabasamu.

Nani aanze

Adabu ya Kiislamu iliyozoeleka pwani ni kwamba aliyepanda humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, na wachache huwasalimu wengi. Ipeleke majini hivyo hivyo: mwenye mashine amwanze mwenye tanga, mwenye tanga amwanze aliyetia nanga, na boti ya watu 2 iianze mashua ya watu 20.

Mpango huu haugombani na sheria. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinamtaka mwenye mashine ampishe mwenye tanga, na wote wawili wampishe mvuvi ambaye nyavu zake zinamzuia kugeuka. Kwa hiyo unapojiuliza nani aanze salamu, jibu karibu kila mara ni yuleyule anayepaswa kupisha. Mwenye kasi ana deni mara mbili.

Umri hauonekani kwa mbali, kwa hiyo usihangaike na shikamoo mapema. Salamu ya kwanza iwe ya chombo kizima: "Salaam aleikum!" au "Habarini za bahari!" Jibu la salamu hii ya pili mara nyingi ni "Shwari", na hapo neno liko nyumbani kwake, maana shwari ni bahari iliyotulia kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mkisogeleana ukaona aliyeshika usukani ni mtu mzima, ongeza "Shikamoo nahodha", na wakiwa wazee kadhaa, "Shikamooni". Asiye nahodha naye aitwe nahodha kama ndiye aliyeshika usukani. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Sauti huenda na upepo. Ukiwa upande wa joshi, yaani upepo unatoka kwako kwenda kwake, atakusikia. Ukiwa upande wa demani, piga kelele uwezavyo, maneno yatarudi kwako, tumia mkono. Maneno yawe mafupi, na silabi ya mwisho uivute: "Mwatoka wapiii?" Na ukitaka kusikia jibu, toa gia kwanza. Wengi huuliza, kisha hawasikii kwa sababu mashine yao inanguruma, wanauliza tena, na mwenzao anachoka.

Mkono uwe mmoja, kiganja wazi, uinuliwe juu ya bega na kushushwa mara moja. Usipunge mikono yote miwili. Kunyoosha mikono miwili pembeni na kuipandisha na kuishusha polepole ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada, na ukiifanya kwa furaha, nahodha makini ataacha njia yake aje kukuokoa. Ukiiona kwa mwingine, usiirudishe kama salamu, nenda kwake.

Wimbi lako

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wenye nia njema. Boti ya faiba ikiwa imepanda juu ya maji kwa kasi huacha wimbi la wastani. Ikienda polepole kabisa, huacha wimbi dogo sana. Kati ya hapo, omo (mbele ya chombo) likiwa limeinuka na tezi (nyuma yake) limezama, ndipo inapochimba maji na kuacha wimbi kubwa kuliko yote. Nahodha anayepunguza mashine nusu "kwa heshima" anapomkaribia mwenye ngalawa humtumia wimbi baya zaidi kuliko kama angepita vilevile.

Fanya hivi. Ukiwa bado mita 150 hivi, anza kupunguza taratibu, endelea mpaka omo lishuke na boti ikae sawa majini, ndipo umkaribie. Usikate mashine ghafla: wimbi lako mwenyewe lililokuwa likikufuata litakufikia nyuma na kumwagika juu ya ubao wa tezi, hasa kama umebeba mzigo. Mpite ukiacha nafasi ya mita 30 au zaidi kama maji yanaruhusu. Usiongeze mwendo pale tu mnapolingana. Subiri mpaka ameachwa nyuma mita 50 au 60, kwa kuwa wimbi hutawanyika kwa pembeni na kumfikia baada ya wewe kupita.

Ngalawa na mtumbwi ubao wao uko karibu sana na maji, na kikombe kimoja cha wimbi kinatosha kuanza kazi ya kukumba maji. Kwenye maji ya kina kifupi wimbi hilohilo husimama na kuwa kali. Chukua tahadhari zaidi maji yanapokupwa, na karibu na gati, ambako mtu anaweza kuwa ameweka mguu mmoja chomboni na mmoja kwenye ngazi.

Na kama wewe ndiye mdogo na wimbi linakuja? Usilipokee ubavuni. Geuza omo ulikabili kwa mshazari, wala si uso kwa uso kabisa, na waliosimama wakae.

Mwenye tanga

Kati ya vyombo viwili vya tanga, tazama upande ambao tanga limetunia. Likitunia kulia, upepo unatoka kushoto kwako, na wewe ndiye wa kumpisha aliye na upepo wa kulia. Mkiwa na upepo upande mmoja, aliye joshini humpisha aliye demanini. Anayempita mwenzake kutoka nyuma hupisha daima, na kiungwana apitie demani. Ukimpita joshini karibu, tanga lako linamziba upepo, mwendo wake unakufa, usukani unalegea, na salamu utakayopata haitaandikika.

Wenye mashine wajue hili: jahazi na mashua kwa kawaida hazigeuki papo hapo. Hupitisha tezi kwenye upepo, kamba ya tanga, nayo huitwa demani, huachiwa, na tanga huzungushwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Kwa muda huo chombo kinasukumwa upande wa demani na nahodha hana uwezo mkubwa wa kukielekeza. Ishara ni mtu anayenyanyuka kwenda mlingotini, au tanga linaloanza kupigapiga. Ukiona hivyo, usiite, usipunge, usikatize mbele. Kaa mbali mpaka tanga lishike tena, halafu salimu. Mabaharia waliokaa joshini kuweka uzani nao usiwadai mkono. Mmoja akiinua kidole, umejibiwa.

Kwenye mkondo mwembamba kama Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, kila mmoja ashike upande wake wa kulia, mpishane kushoto kwa kushoto. Mkikutana omo kwa omo, kila mmoja ageuze kulia. Dereva wa Kenya na Tanzania amezoea kushika kushoto barabarani, na mazoea hayo ndiyo yanayomponza: akishtuka, mkono unageuza kushoto wenyewe. Geuza mapema, na kwa pembe kubwa inayoonekana, ili mwenzako asome nia yako mkiwa bado mita 200. Kugeuza kidogokidogo kunamwacha akibahatisha. Maji yakienda kasi, anayeenda kinyume cha mkondo asubiri mahali papana, maana anayebebwa na mkondo hawezi kusimama.

Meli na vivuko, kama pale Likoni, havina nafasi ya salamu. Mbele ya omo la meli kubwa kuna mamia ya mita ambako aliye juu haoni kitu. Pita nyuma yake.

Nyavu, nanga na mishipi

Madumu na chupa zinazoelea kwa mstari ni nyavu. Chombo kinachovua mara nyingi kimefungwa kwenye ncha moja ya nyavu, kwa hiyo njia inayoonekana wazi kati ya chombo na boya la mwisho ndiyo imefungwa. Usipoona ncha zote mbili, simama, nyanyua mkono, uliza: "Nyavu yaelekea wapi?" Atakuonyesha kwa mkono, pita alikokuelekeza hata kama ni mzunguko.

Ukishanaswa, zima mashine mara moja. Kurudi nyuma kwa gia kunaizungusha nyavu zaidi. Inua mashine, fungua kwa mkono, na umwite mwenye nyavu kabla ya kisu. Mkikubaliana kukata, kata kamba moja na ufunge ncha zake tena palepale, ili nusu ya nyavu isipotee na mkondo. Fidia mwelewane hapohapo. Ukikimbia utatambuliwa, maana pwani kila mtu anajua chombo cha kila mtu.

Aliyetia nanga anaweza kuwa ametoa kamba mara 3 hadi 5 ya kina. Kwenye maji ya mita 6 hiyo ni mita 18 hadi 30 mbele ya omo lake, nyingine karibu na uso wa maji. Basi usikatize mbele. Lakini nyuma nako mishipi huenda na mkondo, kwa hiyo pita nyuma ukiwa mbali, mita 50 hivi. Kiboya kidogo kilicho peke yake huenda ni cha dema, yaani mtego wa samaki: usikishike hata kwa udadisi.

Swali la "Mmepata?" linaruhusiwa. Jibu la adabu ni "Kidogo, alhamdulillahi", hata chombo kikiwa kimejaa changu, na huendelei. Swali la "Mmevua mwamba gani?" haliulizwi. Badala yake uliza na utoe habari za njia: kwenye mlango wa bahari kukoje, mchanga umehamia wapi, upepo nje ni kiasi gani. Habari ya hatari, gogo linaloelea au nyavu isiyo na taa, hutolewa bila kuulizwa. Picha uombe kwanza: nyanyua simu, subiri kichwa kiitike. Ukikuta watu wanaswali chomboni, zima muziki, pita polepole, na umpe mkono aliyeshika usukani peke yake.

Honi na taa

Honi usiitumie kusalimia, kwa kuwa ina lugha yake. Mlio 1 mfupi, wa sekunde 1 hivi, maana yake nageuza kulia. 2 nageuza kushoto. 3 mashine yangu inarudi nyuma. 5 au zaidi, sikuelewi. Mlio mrefu wa sekunde 4 hadi 6 ni wa kwenye kona usiyoona mbele. Anayepiga "pip-pip" kumfurahia rafiki amesema anageuza kushoto.

Usiku, tochi imulike tanga lako au ubao wa chombo chako, ili uonekane ukubwa na upande. Ukimmulika mtu machoni, itamchukua hadi nusu saa macho yake kuzoea giza tena. Wavuvi wa dagaa wenye karabai au taa za sola wamezungukwa na mwanga na hawaoni nje yake: wewe ndiye wa kuwaita kwa sauti, ukiwa mbali. Mwenye redio aite chaneli 16, ataje jina la chombo anachokiita na lake, kisha wahamie chaneli nyingine ya mazungumzo. 16 si kibaraza.

Kusogea ubavuni

Chombo ni nyumba. "Hodi chomboni!" kisha usubiri "Karibu". Njoo polepole, omo likikabili upepo au mkondo, ule ulio na nguvu zaidi siku hiyo. Ning'iniza tairi kabla ya kufika, tupa kamba ya omo kwanza, na usiitupe usoni mwa mtu. Mikono na miguu isiwe kati ya mbao mbili. Chombo cha tani kadhaa hakizuiliwi kwa kiganja. Uliza pa kufunga, usijichagulie.

Ngalawa isisogelewe upande wa ndubi, yaani mbao za pembeni zinazoizuia kupinduka. Nenda tezi. Ukikaribishwa ndani, vua viatu, kanyaga katikati, epuka kamba, nyavu na mkeka. Akiombwa mtu maji ya kunywa, humpa aliyeomba kama anayo. Ukipewa samaki, uliza kwa upole kama ni zawadi au biashara kabla hajafika kwenye ndoo yako.

Wakati wa kuondoka, mwambie aachie kamba ya omo, ujisukume kwa upondo au kasia mpaka uwe mita 5 mbali, ndipo ushushe mashine na kuiwasha. Propela ikizunguka karibu na ndubi hula kamba zinazoifunga, na mwenye ngalawa atagundua hilo akiwa nje, upepo ukishakaza.