Kutafuta thamani za sin, cos na tan kwa pembetatu mraba na alama za robo

Fundi anayepaua nyumba kule Tukuyu, ambako mvua ni nyingi na paa huhitaji mwinamo mzuri, hutosheka na pembetatu mraba (yenye pembe moja ya nyuzi 90) peke yake, kwa kuwa pembe ya paa lake haifiki nyuzi 90. Mwanafunzi wa sekondari hana nafuu hiyo, maana huulizwa sin 240°, na hakuna pembetatu inayoweza kubeba pembe ya nyuzi 240. Kwa hiyo kazi tunaigawa: pembetatu itupe ukubwa wa thamani, na robo, yaani mojawapo ya sehemu nne zinazokatwa na mhimili wa x na wa y, itupe alama yake, chanya au hasi.

Hatua ya kwanza: chora pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande ukiwa 2, kisha igawe katikati kutoka kipeo hadi kitako. Kila nusu ina pande 1, √3 na 2, na pembe za nyuzi 30, 60 na 90. Kwa nyuzi 45, chora pembetatu mraba yenye pande mbili za 1. Haipotenusi yake, yaani upande unaoikabili pembe ya nyuzi 90, ni √2. Ninawasihi mzichore kila mara badala ya kukariri jedwali, ambalo husahaulika kwa urahisi ndani ya chumba cha mtihani.

Hatua ya pili: tambua robo, ukihesabu kinyume cha mwendo wa saa kuanzia upande chanya wa mhimili wa x. Nukta (x, y) iliyo umbali r kutoka kitovu hutupa sin = y/r, cos = x/r na tan = y/x. Kwa kuwa r ni umbali, haiwi hasi kamwe; basi sin hufuata alama ya y, cos hufuata ya x, na tan huwa chanya pale x na y zinapokuwa na alama moja. Anayeelewa hili hahitaji sentensi ya kukariri alama za kila robo.

Hatua ya tatu: tafuta pembe kali iliyopo kati ya mkono wa pembe na mhimili wa x. Kwa nyuzi 240, zilizo katika robo ya tatu, ni 240 − 180 = 60. Katika pembetatu ya hatua ya kwanza, upande unaoikabili nyuzi 60 ni √3, ulio kando yake ni 1 na haipotenusi ni 2; katika robo ya tatu x na y zote ni hasi. Hivyo sin 240° = −√3/2, cos 240° = −1/2, na tan 240° = √3.

Ukipewa cos A = −8/17 na A imo katika robo ya tatu, upande uliobaki kwa kanuni ya Pythagoras ni √(289 − 64) = 15; basi sin A = −15/17 na tan A = 15/8.

Maswali ya wanakikundi

*Mwanakikundi wa Mafinga: Mwalimu, kwa nini nisipime kutoka mhimili wa y? 270 − 240 ni 30.*

Ukifanya hivyo, upande unaoikabili pembe unakuwa x badala ya y, na utaandika sin 240° = −1/2, ambayo ni thamani ya cos. Alama itakuwa sahihi, na ndiyo maana kosa hili ni gumu kuligundua.

*Mwanakikundi wa Makambako: Na nyuzi 270 zenyewe?*

Hapo hakuna pembetatu. Tumia nukta (0, −1): sin ni −1, cos ni 0, na tan haipo, kwa kuwa hatugawi kwa sifuri.

*Mwanakikundi wa Mbeya mjini: Nikipewa tan A = −3/4 bila kutajiwa robo?*

Toa majibu mawili. Katika robo ya pili, sin A = 3/5 na cos A = −4/5; katika robo ya nne, sin A = −3/5 na cos A = 4/5.