Somo: Kumuuzia bunduki mtu usiyemjua, ana kwa ana, hapa Texas

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "Nina bastola nataka kuiuza, mteja nimempata mtandaoni, tukutane wapi?" Naandika jibu zima mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hili ni la Texas. Kwa walioko California, New York, Colorado au Washington, sheria ya jimbo inawalazimisha kupitia duka lenye leseni. Sisi hatulazimishwi, na hapo ndipo watu wanapojiponza. Msimamo wangu: pitia dukani hata kama hulazimishwi. Silaha ikiokotwa kwenye uhalifu, ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha) huifuatilia kutoka kiwandani hadi duka lililoiuza mara ya kwanza, kisha hadi kwa mnunuzi wa kwanza. Kama ni wewe, mlango utakaogongwa ni wako, na "nilimuuzia jamaa mmoja pale maegeshoni" si jibu.

1. Piga simu dukani kwanza. Uliza kama wanapokea mauziano ya watu binafsi na wanatoza kiasi gani. Si maduka yote yanakubali, na ada kila duka linajipangia. Kubalianeni mapema nani analipa.

2. Mchuje mteja kwenye simu. Awe mkazi wa Texas, awe na kitambulisho cha Texas ambacho hakijaisha muda, akubali kujaza Fomu 4473, ile ya shirikisho anayojaza mnunuzi wa silaha dukani. Kwa njia ya duka, bastola ni miaka 21, bunduki ndefu ni 18. Akianza kulalamika kuhusu fomu, achana naye.

3. Nakili namba ya bunduki na uipige picha. Kwenye Glock iko kwenye kibati cha chuma chini ya fremu. Angalia vizuri herufi O na sifuri.

4. Toa risasi ukiwa nyumbani. Magazini (kibeba risasi) kwanza, slaidi (sehemu ya juu unayoivuta nyuma) baadaye. Ukianza na slaidi, risasi iliyo juu kwenye magazini itapanda chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, na utadhani umeshaitoa. Tazama chemba, kisha ingiza kidole cha mwisho uhakikishe. Risasi zibaki kwenye gari, silaha iingie dukani ikiwa kwenye kasha lake. Mwambie mhudumu umebeba nini kabla hujafungua.

5. Makabidhiano. Hapa soma polepole. Mnaingia wote wawili pamoja. Mteja anajaza fomu yeye mwenyewe, duka linapeleka taarifa zake kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, majibu huwa matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Kosa linalofanyika sana ni muuzaji kuiacha silaha mikononi mwa duka na kwenda zake kwa sababu ana haraka. Mteja akikataliwa, kabla ya kukurudishia duka litalazimika kukujazisha fomu na kukukagua wewe, kwa bunduki yako mwenyewe. Kwa hiyo usiondoke. Jibu likiwa "subiri", irudishe nyumbani na mpange siku nyingine. Sheria ya shirikisho inaruhusu duka kukabidhi zikipita siku 3 za kazi bila jibu, lakini duka lina haki ya kukataa. Mteja wa chini ya miaka 21 anaweza kusubiri hadi siku 10 za kazi. Muda wote huo usipokee hata senti, usimpe silaha "akaijaribu" nje, na akikataliwa usikubali kumalizana naye barabarani. Umeshajua haruhusiwi, ukimuuzia, ni kosa la shirikisho ambalo kifungo chake kinafika miaka 15.

6. Pesa taslimu, baada ya "endelea". Cheki ya benki inaghushiwa: salio linaonekana limeingia, siku kadhaa baadaye linaondolewa.

7. Hati ya mauziano: tarehe, aina, namba, bei, sahihi mbili. Nakala moja kila mtu.

MASWALI

Swali: Mteja anasema shemeji yake ndiye atajaza fomu, yeye anatoa hela tu. Kuna shida?
Jibu: Ipo. Huko ni shemeji kujifanya mnunuzi wakati silaha ni ya mwingine. Funga mazungumzo.

Swali: Samahani mkuu, mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua?
Jibu: Swali zuri, dada. Anaruhusiwa kama raia, mradi hana kizuizi kingine. Aje na kadi yenyewe, namba yake inaandikwa kwenye fomu. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida amekatazwa. Kuna vighairi vichache, mfano kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye hali isiyoeleweka amuone wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa silaha.

Swali: Kaka yangu yuko Oklahoma, ni damu moja, si namkabidhi tu?
Jibu: Hapana. Undugu hauondoi sheria ya majimbo mawili. Bastola lazima ipitie duka la huko Oklahoma.

Swali: Nataka kuipeleka Mombasa kwenye sanduku la nguo, nauzaje kule?
Jibu: Hupeleki. Utakamatwa huku kwa kusafirisha bila kibali, au kule kwa sheria ya silaha.

Swali: Nikinunua na kuuza mara kwa mara nipate faida kidogo?
Jibu: Hiyo ni biashara, inahitaji leseni. Somo hili ni la mtu anayeuza silaha yake.

Swali: Mimi sipendi kabisa kukutana na watu nisiowajua. Hakuna njia nyingine?
Jibu: Ipo. Maduka mengi yanakuuzia kwa kamisheni: unawaachia, wanatafuta mteja, wanakata asilimia yao. Uliza asilimia hiyo kwa maandishi, na pia watakutoza nini ukibadili mawazo.

Swali: Na darubini niliyoifunga juu, niiuze nayo?
Jibu: Ifungue, iuze peke yake. Wanunuzi wengi hawatalipa thamani yake ikiwa imeshafungwa. Rudisha vilengeo vya kiwandani, weka magazini zote na kasha la awali. Kasha na magazini za ziada ndivyo vinavyokusaidia kushikilia bei.